Soichiro Honda na Injini Aliyoikataa

Kila mwaka majira ya kwenda TP yakikaribia, vyumba vya bweni hugeuka kuwa gereji za mdomo. Mmoja kapangiwa shule ya kata huko milimani, barabara yake mvua ikinyesha inakuwa uji. Mwingine kasikia kuna mzee anauza DT kuukuu kwa bei ya kutupa. Hapo ubishi unaanza: tustroki au fostroki? Wa tustroki atakwambia ni nyepesi, ina nguvu, mlima inaula. Wa fostroki atakuuliza oili ya kuchanganya utaipata wapi kijijini, na hiyo petroli utainunua kwa bumu la nani. Nimeusikia ubishi huu kwa miaka mitatu sasa, mpaka nikaona heri nimsome mtu aliyeishi nao zaidi ya miaka 40, na aliyekuwa na uwezo wa kuamua sio pikipiki yake tu bali za mamilioni ya watu. Huyo ni Soichiro Honda.

Kwa walioachana na fizikia kidato cha pili, nieleze kidogo. Injini ya mapigo manne, pistoni yake hupanda mara mbili na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja: inavuta hewa na petroli, inabana, inalipua, inatoa moshi. Milango yake ni valvu, zinazofunguka na kufungwa kwa zamu, na oili yake inakaa mahali pake, haichangamani na petroli. Injini ya mapigo mawili haina subira hiyo. Pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, moto umeshawaka. Kwa kawaida haina hata valvu za juu. Kuna matundu tu ubavuni mwa silinda, pistoni inayaziba na kuyafungua inapopita. Kwa hiyo vipuri ni vichache, injini ni nyepesi, na silinda yenye ukubwa uleule inatoa nguvu zaidi. Gharama yake ni kwamba oili inachanganywa na petroli na kuungua nayo, na petroli mpya inapoingia, nyingine hutoroka na moshi kabla haijaungua. Ile mashine ya kukatia nyasi inayotupigia kelele nje ya dirisha tukiwa darasani mara nyingi huwa ni mapigo mawili: sauti ya nyuki na harufu ya oili. Bodaboda anayekusubiri getini ni mapigo manne.

Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, mkoa wa Shizuoka nchini Japani, eneo ambalo leo ni sehemu ya mji wa Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, na baadaye akafungua karakana ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Mtoto alikulia kwenye cheche na mafuta. Siku gari la kwanza lilipopita kijijini kwao, alilikimbilia kwa nyuma, na liliposimama likavuja oili, akainama kuinusa ardhi. Baadaye aliposikia kuna rubani wa Kimarekani, Art Smith, atarusha ndege mjini, alichukua baiskeli ya baba yake bila ruhusa, akaendesha mguu ukipita katikati ya fremu maana kiti kilikuwa juu mno kwake. Kiingilio hakuwa nacho. Akapanda mti akaangalia kutoka huko.

Shuleni hakuwa lolote. Wenzangu wa kitivo cha elimu watapenda kisa kinachosimuliwa kuhusu ripoti zake. Kwao mzazi alitakiwa kugonga muhuri wa familia kwenye ripoti ya mtoto. Honda, alama zake zikiwa hazitazamiki, akachonga muhuri wake mwenyewe kwa mpira. Ukafanya kazi vizuri. Wenzake wakaomba nao wachongewe, akawachongea, na hapo ndipo alipokamatwa, kwa sababu herufi za jina lake zikigeuzwa kulia kwa kushoto hazibadiliki, lakini za wenzake zilitoka zimepinduka. Walimu wakacheka au wakachapa, sijui. Ila mimi ningempa mtoto huyo alama za sanaa.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kuwa mwanagenzi kwenye gereji iliyoitwa Art Shokai. Miezi ya kwanza hakushika spana. Alibebeshwa mgongoni mtoto wa tajiri yake, kazi ikawa kulea. Wangapi kati yetu wangevumilia? Yeye alikaa, akawa anachungulia injini akiwa na mtoto mgongoni. Mwaka uliofuata tetemeko kubwa la Kanto likaubomoa mji, mafundi wengi wakarudi makwao, na kijana mlezi akapata nafasi ya kuwa fundi kamili. Alipofika miaka 21, tajiri yake alimwamini kiasi cha kumruhusu afungue tawi la gereji hiyo Hamamatsu. Mbio za magari nazo alizipenda. Mwaka 1936, kwenye uwanja wa Tamagawa karibu na Tokyo, gari alilolitengeneza mwenyewe liligongana na jingine, likapinduka, yeye na mdogo wake wakaumia vibaya.

Baada ya hapo akaachana na gereji akaamua kutengeneza ringi za pistoni. Ringi ni kitu kidogo, duara la chuma linalozuia moto usipenye pembeni ya pistoni, na injini zote mbili, ya mapigo mawili na ya mapigo manne, zikishaua ringi zimekwisha habari. Za Honda zilikuwa zinakatika. Alipopeleka ringi 50 kwa Toyota, zilizokubaliwa zilikuwa 3. Ndipo mtu mzima, mwenye karakana na wafanyakazi, akarudi darasani kama msikilizaji kwenye chuo cha ufundi cha Hamamatsu. Alikaa na vijana, akajifunza madini, akaelewa kwamba chuma chake kilipungukiwa silikoni. Lakini vipindi visivyohusu ringi hakuingia, na mitihani hakufanya. Chuo kikamdisko. Inasimuliwa kwamba alipoambiwa hatapata cheti, alisema tiketi ya sinema ina faida zaidi, maana hiyo walau inakuingiza ukumbini. Tusimwige haraka, jamani. Yeye alikuwa na karakana ya kurudia. Sisi tukidisko tunarudi nyumbani.

Vita vikaja. Karakana ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali, Toyota ikanunua sehemu kubwa ya hisa, na mwaka 1945 tetemeko lingine likaangusha kiwanda. Vita vilipokwisha, Honda aliiuzia Toyota hisa zilizobaki kwa yeni 450,000, akajitangazia mapumziko ya mwaka mzima. Mwaka 1946 akafungua kibanda cha mbao Hamamatsu akakiita taasisi ya utafiti wa ufundi. Utafiti wenyewe ulikuwa huu: alipata vijiinjini vya jeshi vilivyokuwa vinazungusha jenereta za redio za mawasiliano, akavifunga kwenye baiskeli. Tangi la mafuta la kwanza lilikuwa chupa ya maji ya moto, ile ya kupashia kitanda joto. Watu walikuwa wanatembea kilomita nyingi kutafuta mchele vijijini, treni zimejaa. Baiskeli zile zilinunuliwa kama karanga.

Vijiinjini hivyo vilikuwa vya mapigo mawili. Na aliyelalamika wa kwanza kuhusu tabia zake alikuwa mkewe, Sachi. Honda alimpa baiskeli aijaribu mjini, watu wamwone mwanamke akiendesha. Akarudi nguo zake nzuri zimerushiwa mafuta yaliyotemwa na kabureta. Akamweleza mumewe wazi kwamba wateja watarudi kugomba. Kawaida ya Honda ilikuwa kumnyamazisha mtu anayemkosoa, lakini safari hii alinyamaza yeye, akaenda kurekebisha.

Injini za jeshi zilipokwisha, akatengeneza ya kwake, sentimita za ujazo 50, mapigo mawili. Mwezi Septemba 1948 kampuni ya Honda ikasajiliwa ikiwa na wafanyakazi 34. Mwaka 1949 ikatoka pikipiki kamili ya kwanza, Dream D, sentimita za ujazo 98, nayo mapigo mawili. Mwaka huohuo akaingia kwenye kampuni Takeo Fujisawa, mtu wa biashara asiyejua kufungua plagi lakini anayejua mteja anasikia nini. Alichokisikia kwa wauzaji ni kwamba ile Dream ina kelele kali inayochoma masikio, na watu wanaanza kuikimbilia pikipiki ya kampuni nyingine yenye mapigo manne, inayounguruma kistaarabu. Fujisawa hakuzungushana, akamwambia Honda kwamba bila injini ya mapigo manne kampuni itakufa.

Honda alimpa kazi hiyo kijana mhandisi aitwaye Kiyoshi Kawashima. Ikatoka Dream E, sentimita za ujazo 146, valvu za juu. Tarehe 15 Julai 1951 wakaipeleka kuijaribu kwenye kilima cha Hakone, ambacho pikipiki na hata magari ya wakati ule yalikipanda kwa kusimama njiani injini zipoe. Mvua ilikuwa ya dhoruba. Kawashima akapanda mwenyewe pikipiki aliyoichora, Honda na Fujisawa wakamfuata kwa gari, na gari likaachwa. Walipofika juu walimkuta kijana anawasubiri, injini haijachemka. Watatu wale walifurahi kama watoto wakitazama ziwa chini yao. Nadhani siku ile Honda alifunga ndoa na mapigo manne. Fundi aliyeona mashine ikimtii mlimani huwa hasahau.

Kutoka hapo mapigo mawili yakawa kwake karibu sawa na dhambi. Alichukia moshi wake, kelele zake na oili inayorukia nguo. Alichukia pia, nahisi, ule urahisi wake. Kwa macho ya fundi wa ringi aliyerudi shule ukubwani, injini isiyo na valvu ilikuwa njia ya mkato. Mwaka 1958 akatoa Super Cub, sentimita za ujazo 49, mapigo manne, wakati vipikipiki vya ukubwa huo karibu vyote vilikuwa mapigo mawili. Nguvu zake zilikuwa farasi 4.5, jambo lililowashangaza washindani. Klachi yake haikuhitaji mkono, ili kijana anayepeleka tambi kwa wateja aendeshe kwa mkono mmoja na mwingine ushike sinia. Hadi mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Chombo kingine chenye injini kilichofikia idadi hiyo hakuna.

Kwenye mbio za barabarani alikwenda na imani ileile. Mwaka 1959 timu yake ilifika kisiwa cha Man kwa mara ya kwanza, na mwaka 1961 pikipiki zake zilizoa nafasi zote tano za kwanza katika madaraja mawili, la 125 na la 250. Lakini mwaka huohuo mwendeshaji wa Ujerumani Mashariki, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na kwenda Suzuki na siri za mapigo mawili zilizovumbuliwa na bosi wake, Walter Kaaden. Siri kubwa ilikuwa kwenye ekzosi: ukiipa umbo la tumbo pana, wimbi la moshi linarudi na kuisukuma ndani petroli iliyokuwa inatoroka. Ghafla injini ya kukatia nyasi ikawa simba. Honda akajibu kwa kutengeneza mapigo manne yenye silinda nyingi ndogondogo, tano kwenye injini ya 125, sita kwenye ya 250, ile ya 125 ikizunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Zilikuwa kama saa za mkononi zinazopiga kelele. Zilishinda sana, na zilikuwa ghali kupita kiasi, na mwisho wa mwaka 1967 kampuni ikajitoa.

Sasa tuingie kwenye tope, maana huko ndiko alikobanwa.

Porini sheria ni nyingine. Barabarani uzito unausahau ukishaanza kwenda. Porini unaubeba: kwenye kuruka, kwenye kutua, kwenye kuinua pikipiki iliyolala mtaroni huku matairi yamejaa udongo. Injini ya mapigo manne hubeba valvu na kemshafti zake kichwani, yaani uzito unakaa juu, na pikipiki inakuwa nzito kuigeuza. Mapigo mawili ni jepesi, likianguka unalipiga kiki linawaka, na ukilipa moto linaruka mbele papo hapo, wakati mwingine kabla hujawa tayari. Ukiua pistoni, fundi anafungua silinda chini ya mti, anabadilisha pistoni na ringi, mnaendelea. Mapigo manne nalo lina yake. Linavuta taratibu kutoka chini bila kuteleza, ukifunga moto kwenye mteremko injini yenyewe inashika kama breki, na lita moja ya petroli inakupeleka mbali. Anayeshuka Lushoto na abiria na gunia la viazi anahitaji hiyo breki. Anayeshindana kuzunguka uwanja wa tope dakika 40 hana haja nayo.

Ukitaka ushahidi, angalia mashindano ya dunia ya motokrosi. Jeff Smith wa Uingereza alitwaa ubingwa wa daraja la 500 mwaka 1964 na 1965 kwa BSA ya mapigo manne. Mwaka 1966 Paul Friedrichs akautwaa kwa CZ ya Czechoslovakia, mapigo mawili, na tangu hapo mapigo manne hayakuuona tena ubingwa huo mpaka 1993. Hayo ni karibu miaka 30. Lakini kwenye safari ndefu za jangwani mambo yakawa kinyume. Mwaka 1962 Wamarekani wawili, Dave Ekins na Bill Robertson, walivuka rasi ya Baja huko Meksiko, karibu kilomita 1,500 za mawe na mchanga, kwa Honda za mapigo manne. Na mbio za Paris-Dakar zilipoanza Desemba 1978, zikiishia hapa hapa barani kwetu Senegali, Cyril Neveu alishinda kwa Yamaha ya mapigo manne. Kwa hiyo wale wanaobishana bwenini wote wana hoja. Wanazungumzia pori mbili tofauti.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Marekani walikuwa wamehamia porini. Yamaha ilileta DT-1 mwaka 1968, mapigo mawili, ikauzwa vibaya mno, kwa maana ya kuuzwa sana. Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa motokrosi mwaka 1970. Honda, kampuni kubwa kuliko zote, ilikuwa na pikipiki nzuri za kutembelea mashambani lakini haikuwa na ya kushindania, kwa sababu mwenyewe hataki mapigo mawili yaingie kiwandani. Wahandisi vijana walijua. Kumwambia ilikuwa kazi nyingine. Mzee alikuwa na jina la utani la Radi. Akikasirika alipiga, wakati mwingine kwa spana, na wapo wahandisi waliokuja kuwa wakuu wa kampuni ambao walipigwa naye. Wasifu wake mwingi hupita hapo ukitabasamu. Mimi ninayesomea ualimu sitabasamu. Mtu akishajua kwamba jibu lisilopendeza litaleta kipigo, ataacha kuleta majibu, na aliyepotea zaidi hapo ni mwenye fimbo.

Na gharama hiyo ililipwa. Katika miaka hiyohiyo Honda alikuwa ameshikilia imani ya pili: injini ipozwe kwa upepo, sio kwa maji. Hoja yake ilikuwa kwamba hata maji hatimaye hupozwa na upepo, basi ya nini kuyapitisha? Mwaka 1968 kampuni ikatengeneza gari la mbio za Formula 1 linalopozwa kwa upepo. John Surtees, dereva wao mkuu, alilijaribu akakataa kushindana nalo. Likapelekwa hata hivyo kwenye mbio za Ufaransa huko Rouen, akapewa Mfaransa Jo Schlesser. Tarehe 7 Julai, mvua ikinyesha, mwanzoni kabisa mwa mbio gari lilitoka njiani, likagonga ukingo na kuwaka. Mwili wa gari ulikuwa na magnesi, kwa hiyo moto haukuzimika upesi. Schlesser akafa.

Kampuni iliendelea kutengeneza gari la kawaida la kupozwa kwa upepo, wahandisi wakaendelea kunong'ona kwamba kwa njia hii hawatafikia masharti mapya ya moshi, na hakuna aliyesogea. Mwishowe wakamwendea Fujisawa. Fujisawa akamuuliza mwenzake wa miaka 20 swali moja: yeye ni mkurugenzi wa kampuni au ni mhandisi? Honda alikaa kimya kwa muda, kisha akasema ni mkurugenzi. Maana yake ilikuwa wahandisi waruhusiwe kutumia maji. Wakaanza kazi.

Nadhani bila jibu lile motokrosi ya Honda isingezaliwa. Mwaka 1971 vijana walikuwa tayari kwenye mradi wa pikipiki ya mbio za porini, na safari hii hakuukata mti. Inasimuliwa kwamba alikubali kwa sharti moja: kama ni lazima Honda itengeneze mapigo mawili, basi yawe bora kuliko ya wote. Ikatoka CR250M, iliyopewa jina la Elsinore kwa kufuata mji wa California wenye mbio maarufu za vumbi. Ilikuwa na uzito wa kilo 97 hivi bila mafuta. Mwaka 1973, mwaka wake wa kwanza sokoni Marekani, Gary Jones alitwaa nayo ubingwa wa taifa wa daraja la 250.

Tazama mwaka 1972 ulivyokuwa wa ajabu kwa mzee huyu. Maabara moja ilikamilisha CVCC, injini ya gari ya mapigo manne, ya kupozwa kwa maji, iliyokuja kufikia masharti ya hewa safi ya Marekani ambayo makampuni makubwa ya huko yalisema hayawezekani. Maabara nyingine ilionesha Elsinore, inayotoa moshi wa bluu na kulia kama nyigu. Moja ilivunja imani yake ya upepo, nyingine imani yake ya mapigo manne, na zote zilikuwa na jina lake ubavuni. Aliposifia CVCC kwamba sasa watawapita wakubwa wa Detroit, vijana walimjibu kwamba wao hawakuitengeneza kwa ajili ya kampuni, waliitengeneza kwa ajili ya watoto wao wapate hewa. Alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipojua muda wake umekwisha. Mwaka 1973 yeye na Fujisawa walistaafu pamoja. Aliyekabidhiwa kiti ni Kawashima, yule kijana wa Hakone.

Ubishi haukustaafu naye. Mwaka 1979 kampuni ilirudi kwenye mbio za barabarani na NR500, mapigo manne yenye pistoni za duaradufu na valvu nane kwa kila silinda, ili kuyapiga mapigo mawili kwa akili tupu. Ilikuwa kazi ya ajabu, na katika mashindano ya dunia haikupata hata pointi moja. Mwaka 1982 wakaleta NS500 ya mapigo mawili. Mwaka uliofuata Freddie Spencer akawa bingwa wa dunia. Ruhusa ilitolewa chini ya Kawashima, aliyepanda Hakone kwa mapigo manne kwenye mvua.

Kwetu huku tulipata upande mwingine wa urithi wake. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ilitoa CG125, mapigo manne, kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo kupita kiasi na oili hubadilishwa siku mtu akikumbuka. Valvu zake zinasukumwa na fito badala ya cheni ili ivumilie kutotunzwa. Wachina waliinakili, na pikipiki nyingi za bei nafuu zilizojaa vijiwe vyetu vya bodaboda zina injini ya ukoo huo. DT na TF za mapigo mawili, zilizokuwa zikiwabeba mabwana shamba, zimebaki chache. Ukiniuliza mimi, mwenye kituo cha TP kilomita 30 kutoka lami achukue mapigo manne, na anayetaka kuruka vichuguu siku ya Jumapili atafute hiyo DT ya mzee.

Mzee mwenyewe, baada ya kustaafu, alizunguka Japani akitembelea viwanda na maduka ya kampuni, hata yenye watu wawili, kumshika kila mfanyakazi mkono. Fundi mmoja alirudisha mkono nyuma kwa sababu umejaa oili. Honda akauvuta akaushika hivyohivyo, kisha akanusa kiganja chake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejaa makovu ya nyundo na mashine.

Alifariki Tokyo tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameshaagiza kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa kuwa magari ya waombolezaji yangeleta foleni na kuwasumbua wapita njia.